Laptopu yako ina mlinzi tayari, mbona ununue mwingine?

Kuna swali ambalo karibu kila mtu aliyenunua laptopu pale Luthuli ama Moi Avenue ameulizwa. Umeshalipa, mashine iko kwenye mfuko, halafu muuzaji anakuangalia kwa upole: "Nikuwekee antivirusi?" Bei inategemea sura yako. Ukionekana mgeni wa jiji, ni thao mbili. Ukionekana mjanja, anashuka hadi soo tano na kukuwekea ya kunakili ambayo yeye mwenyewe aliipata bure.

Wengi hukubali. Hawajui hasa wananunua nini, lakini neno "virusi" linatisha, na hakuna anayetaka mashine aliyoichangia miezi sita ife wiki ya pili.

Mimi ndiye yule jamaa wa ploti anayegongewa mlango kompyuta ya mtu ikigoma, kwa hivyo swali hili hunifikia kila mwezi. Jibu langu ni hili: kama unatumia Windows 10 ama 11 kwa keja, kwa masomo, sinema na vijikazi vya mtandaoni, huhitaji kununua antivirusi. Unayo tayari.

Lakini usiondoke hapo, kwa sababu nusu ya pili ya jibu ndiyo inayowagharimu watu. Wengi niliowaona wakipoteza faili zao walikuwa na antivirusi nzuri tu. Waliizima kwa mkono wao wenyewe.

HOFU ILITOKA WAPI

Hofu ya virusi haikuzuka tu. Kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya PC kiliitwa Brain na kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka wa 1986. Waliokiandika ni ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa na duka la kompyuta. Walieleza kwamba walitaka kuilinda programu yao ya matibabu dhidi ya watu waliokuwa wakiinakili bila kulipa. Ndani ya kirusi hicho waliacha majina yao, anwani na nambari za simu. Yaani kirusi cha kwanza cha PC kilizaliwa kwenye vita vya programu za kunakiliwa. Shika hilo, tutalirudia.

Kwa sisi wa hapa, kumbukumbu kubwa ni ya flashi. Unachomeka flashi kwenye mashine ya saiba ili uprinti barua ya kuomba kazi, unarudi nyumbani, unakuta folda zako zote zimegeuka vialama vyenye mshale. Ukibofya kimoja, kirusi kinahamia kwenye kompyuta yako. Kesho yake kiko kwa shuleni, keshokutwa kwa ofisi ya mjomba.

Virusi hivyo vilisaidiwa na tabia moja mbaya ya Windows za zamani: ukichomeka flashi, kompyuta ingeweza kuendesha yenyewe programu iliyokuwa ndani. Conficker, iliyoonekana mara ya kwanza mwishoni mwa 2008, ilitumia njia hiyo pamoja na nyingine kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Mapema 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima tabia hiyo kwenye Windows XP na Vista.

Wakati huo, ushauri wa "nunua antivirusi" ulikuwa wa maana kabisa. Windows XP haikuja na antivirusi yake. Kuitumia bila kuongeza kitu ilikuwa kama kuacha mlango wazi na kwenda ocha Krismasi. Shida ni kwamba mambo yamebadilika, lakini ushauri umebaki vilevile.

MLINZI ALIYE NDANI

Mwaka wa 2009 Microsoft ilianza kutoa antivirusi ya bure iliyoitwa Microsoft Security Essentials. Ilikuwa lazima uipakue mwenyewe. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, antivirusi ikawa sehemu ya Windows kwa jina la Windows Defender. Siku hizi inaitwa Microsoft Defender na inakuja na kila Windows 10 na 11. Inajiwasha yenyewe, inapokea orodha mpya za virusi mara kwa mara, na haikuombi hata shilingi.

Miaka ya kwanza ilichekwa, na ilistahili. Kwenye majaribio ilikuwa ikivuta mkia. Lakini AV-TEST, taasisi ya Ujerumani ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, imekuwa ikiipa alama za juu kwa miaka kadhaa sasa, sambamba na zile za kulipia.

Inafanyaje kazi? Fikiria soja wa geti. Kwanza, ana picha za wezi wanaojulikana, na kila faili inayoingia anailinganisha na picha hizo. Pili, anaangalia tabia: programu ikianza kubadilisha faili zako mia kwa dakika moja, anaishika hata kama hana picha yake. Tatu, akikutana na kitu ambacho hajawahi kuona, anauliza makao makuu, yaani seva za Microsoft, kama kuna mtu mwingine duniani aliyekutana nacho. Halafu kuna SmartScreen, ile skrini inayokuonya kwamba programu uliyopakua haijulikani.

Antivirusi za kulipia hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia hizo hizo. Unacholipia zaidi mara nyingi ni vitu vya pembeni: VPN, mahali pa kuhifadhi nywila, udhibiti wa watoto, simu ya huduma kwa wateja. Kama unavihitaji, sawa. Lakini jua kwamba ndivyo unavyonunua.

Na kama una Mac, Apple nayo imeweka kinga yake ndani, inaitwa XProtect. Chromebook na Linux zina mipango yao pia. Nazungumzia Windows zaidi kwa sababu ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za hapa mtaani.

MLANGO UNAOUFUNGUA MWENYEWE

Sasa turudi kwa wale ndugu wa Lahore na programu za kunakiliwa.

Kuna jamaa wa Rongai ninayemfahamu, mwaka wa mwisho, akisomea usanifu wa majengo. Alihitaji programu ya kuchora ramani ambayo leseni yake ilikuwa na bei ya kumfukuza mtu mjini. Akafanya wanachofanya wengi: akaingia YouTube, akatafuta kraki. Video ilikuwa safi, maelezo hatua kwa hatua, na maoni ya watu chini yakisifu kwamba inafanya kazi. Hatua ya kwanza kwenye maelezo ilisema: zima antivirusi, kwa sababu itadhani hii ni virusi.

Akaizima. Programu ikafunguka kweli, akachora hadi usiku wa manane. Asubuhi kila faili kwenye mashine ilikuwa na herufi za ajabu mwishoni mwa jina, na hakuna hata moja iliyofunguka. Picha, muziki, ramani, sura nne za mradi wake. Kwenye kila folda kulikuwa na kikaratasi kimoja kinachosomeka, kikidai dola 980. Akilipa ndani ya saa 72, angepunguziwa hadi dola 490. Hata hiyo nusu bei ni zaidi ya Sh60,000 za Kenya, na kodi ya nyumba alikuwa anadaiwa.

Familia hii ya virusi vya kuteka faili inajulikana kwa jina STOP, ama Djvu. Haishambulii benki wala mashirika makubwa. Inawalenga hasa watumiaji wa nyumbani, na chambo chake kikubwa ni kraki. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifaa cha bure cha kufungua faili zilizotekwa na matoleo 148 ya kirusi hicho. Bahati mbaya matoleo yaliyofuata yalibadilisha namna ya kufunga, na yeye alipigwa na mojawapo la hayo. Nakala ya mradi ilikuwa moja tu, ndani ya mashine hiyo hiyo. Mahafali yakampita. Alivaa joho mwaka uliofuata, baada ya kuandika upya sura nne.

Hapo antivirusi gani ingemsaidia? Alikuwa nayo, na inawezekana kabisa ingemshika yule mwizi getini. Soja alipiga kelele, mwenye nyumba akamwambia nenda ukalale. Ungempa ya thao tano kwa mwaka angeizima vilevile, kwa sababu video ilimwambia aizime.

Hii ndiyo hila ninayotaka ukumbuke zaidi. Kuna wakati antivirusi hukosea na kuishuku faili isiyo na ubaya, ni kweli. Lakini mtu usiyemjua, anayekupa bure kitu cha kuuzwa, akikuambia zima kinga yako kwanza, jiulize yeye anapata nini. Hakuna anayekesha akivunja kufuli za programu ili akufurahishe wewe wa Rongai.

WEZI WASIOGUSA FAILI ZAKO

Kirusi cha kuteka faili angalau kinajitangaza. Kuna aina nyingine inayoingia, inachukua, inatoka, na kompyuta inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kazi ya programu hizi ni kuiba taarifa. Zikiingia zinakusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, picha za kitambulisho ulizoacha kwenye kompyuta, pochi za sarafu za kidijitali, na kuki. Hizi kuki ndizo hatari ambayo wengi hawaijui. Ni vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia, usiulizwe nywila tena. Mwizi akiwa na kuki yako anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila nywila na bila ile nambari ya siri inayotumwa kwa simu, kwa sababu tovuti inadhani ni wewe, bado uko ndani.

Mwaka wa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, ile programu maarufu ya kuamilisha Windows na Office bila leseni, zilivyokuwa zimebeba mwizi anayeitwa Cryptbot. Mei 2025 Microsoft na vyombo vya usalama vya nchi kadhaa walivunja mtandao wa mwizi mwingine, Lumma. Katika miezi miwili tu, kati ya Machi 16 na Mei 16 mwaka huo, Microsoft ilikuwa imehesabu zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani.

Kwa nini hili ni letu? Kwa sababu kwa kijana wa Nairobi, Eldoret ama Kisumu, laptopu ni kibanda cha kazi. Kuna wanaoandika, wanaonukuu sauti, wanaohariri video, wanaosimamia kurasa za watu. Akaunti yenye sifa nzuri uliyoijenga kwa miaka miwili ndiyo CV yako. Ikiibwa Jumatatu, mwizi anabadilisha barua pepe na njia ya malipo, na kufikia Jumatano mshahara wa mwezi umeenda kwa mtu usiyemjua. Kompyuta haikuonyesha dalili yoyote. Haikukwama, haikuzima.

MLINZI NAYE ANA MATATIZO YAKE

Kuna watu watasema: sawa, lakini nikiongeza antivirusi nyingine ya bure juu ya Defender, sitakuwa na ulinzi mara mbili? Hapana. Ukiweka antivirusi nyingine kamili, Defender hukaa pembeni na kumwachia kazi. Unabadilisha soja, huongezi. Na kama mashine yako ina RAM ya 4GB, utajua mara moja kuna mgeni ndani, kwa sababu hata kufungua Word itakuwa ni kusubiri.

Halafu "bure" ina bei yake. Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag walifichua kwamba Avast, mojawapo ya antivirusi za bure zilizopendwa zaidi duniani, ilikuwa ikikusanya historia ya tovuti walizotembelea watumiaji wake, na kampuni yake tanzu ya Jumpshot ikiiuza. Avast ikaifunga Jumpshot mwezi huo huo. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni hiyo italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Watu walimweka soja wa kuwalinda na wapelelezi, kumbe soja naye alikuwa akiandika ni nani anayeingia kwao.

Pia hofu yenyewe imekuwa biashara ya matapeli. Uko kwenye tovuti ya sinema za bure, skrini inakuwa nyekundu ghafla: "Kompyuta yako ina virusi vitano! Leseni yako imeisha!" Jina ni la kampuni maarufu ya antivirusi, lakini ujumbe haukutoka kwake. Mara nyingi ni arifa ya kivinjari ambayo ulibofya kuiruhusu bila kusoma. Tovuti haiwezi kuskani kompyuta yako na kujua ina virusi vingapi. Funga ukurasa, nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, ondoa ruhusa ya arifa kwa tovuti hiyo. Usipige nambari iliyoandikwa hapo na usilipe.

TATIZO LA MASHINE ZA EX-UK

Kama kuna jambo linalostahili hofu kuliko kukosa antivirusi ya kulipia, ni kutumia Windows isiyopata masasisho.

Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilienea kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150. Hospitali za umma Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kirusi hicho hakikuhitaji mtu abofye chochote, kilipita kwenye tundu la Windows lenyewe. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7 ambayo haikuwa imesasishwa. Kile kijisanduku cha masasisho unachokiahirisha kila jioni kwa sababu bando linaisha, ndicho kingewaokoa.

Sasa, Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Na hapa kwetu laptopu nyingi za bei nafuu ni zile za mtumba kutoka Uingereza, tunazoziita ex-UK. Chukua HP EliteBook 840 G3, mashine ngumu, inapendwa na wanafunzi. Ndani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hivyo kuna maelfu ya mashine nzima kabisa ambazo mlango wake wa masasisho umeanza kufungwa.

Microsoft imesema Defender itaendelea kupokea orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 angalau hadi Oktoba 2028. Hiyo ni nzuri, lakini isikudanganye. Soja mwenye picha mpya za wezi hasaidii sana kama ukuta una tundu. Antivirusi ya kulipia nayo haizibi tundu hilo, kwa sababu ukuta ni wa Microsoft.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani, uliotangazwa kwenda hadi Oktoba 2026. Unaweza kuupata bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko, ama ulipe dola 30. Ya pili ni kuweka Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo ni bure na inakimbia vizuri kwenye mashine za zamani. Kama kazi yako ni kivinjari, barua na sinema, utazoea ndani ya wiki. Ya tatu ni kwa ambaye hajanunua: kabla ya kutoa pesa, uliza prosesa ni ya kizazi gani. Swali hilo moja lina faida kuliko antivirusi yoyote utakayowekewa dukani.

Na ukiwa dukani, angalia jambo lingine. Kuna mafundi wanaoweka Windows iliyochezewa, imepunguzwa ili iwe nyepesi, na Defender imetolewa kabisa. Fungua Windows Security mbele yake. Ikikataa kufunguka, ama ikisema hakuna kinga, mwambie aweke Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft.

NANI ANUNUE BASI?

Sitaki kusema hakuna anayehitaji antivirusi ya kulipia. Mwenye saiba yenye mashine kumi zinazoguswa na watu mia kwa siku anahitaji kuzisimamia zote kutoka sehemu moja, na kuna programu za kazi hiyo. Mwenye duka ama kliniki anayehifadhi taarifa za wateja ana wajibu chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na kwake gharama ya ulinzi ni gharama ya biashara. Hata mzazi anayetaka kifurushi chenye udhibiti wa watoto na mtu wa kumpigia simu akikwama, anunue kwa amani. Ila anunue halali. Antivirusi ya kraki ni kumwajiri mwizi awe soja.

Lakini wewe wa bedsitter, mwenye mashine moja na bajeti ya kuhesabu, hizo thao mbili zina kazi bora.

FANYA HAYA BADALA YAKE

Kwanza, hakikisha mlinzi yuko macho. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, uone alama za kijani. Kama laptopu ilikuja na antivirusi ya majaribio iliyoisha muda, iondoe kabisa ili Defender irudi kazini. Hapo hapo kuna sehemu ya kinga dhidi ya virusi vya kuteka faili, inayozuia programu ngeni kubadilisha folda zako muhimu. Huwa imezimwa, kwa hivyo iwashe. Inaweza kukusumbua mara moja moja kwa kuzuia programu halali, lakini utairuhusu na maisha yaendelee.

Pili, tafuta nakala. Hii ndiyo ningeiandika kwa herufi kubwa. Weka pesa kwenye diski ya nje ama hata flashi nzuri, nakili kazi yako kila wiki, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo. Nakala nyingine iweke mtandaoni: Google inakupa 15GB za bure, na mradi wako wa chuo haufiki hata moja. Yule jamaa wa Rongai hakuhitaji programu ya kumlinda kuliko alivyohitaji flashi yenye sura nne ndani.

Tatu, ruhusu masasisho. Kama bando ni shida, tumia waifai ya chuo ama ya maktaba mara moja kwa wiki, uache mashine imalize kazi yake.

Nne, achana na kraki, kwa sababu za bure halali zipo. LibreOffice inafungua na kuandika faili za Word. GIMP inahariri picha. DaVinci Resolve ina toleo la bure la video ambalo hata wakongwe wanalitumia. Na hii iwafikie wote walio chuoni: Autodesk hutoa AutoCAD bure kwa wanafunzi wanaothibitisha kwamba wanasoma. Mimi niliyeacha chuo siipati. Wewe unayo haki hiyo, usiende kutafuta kirusi cha kitu unachopewa bure.

Tano, nywila moja isifungue kila kitu. Barua pepe yako iwe na nywila yake ya pekee, kwa sababu ndiyo inayobadilisha nywila za akaunti nyingine zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Hauzuii kila mwizi, kama tulivyoona kwenye kuki, lakini unawazuia wengi. Na ukishuku kwamba umeibiwa kuki, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine kilicho safi, kisha utumie ile sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti.

Sita, kama tayari umepigwa, usikimbilie kulipa. Zima intaneti. Usifute faili zilizofungwa, kwa sababu huenda ufunguo ukapatikana siku moja. Ingia kwenye tovuti ya No More Ransom ukitumia kifaa kingine. Ni mradi ulioanzishwa mwaka wa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, na unakusanya funguo za bure za virusi vya aina hii. Anaweza kukosekana wa kwako, lakini kuangalia hakugharimu kitu.

Ukihesabu, karibu yote hayo ni bure isipokuwa diski ama flashi. Na hakuna hata moja ambalo muuzaji wa laptopu angekuuzia, ndiyo maana hakukutajia.

Leo jioni, kabla hujafungua sinema, chukua dakika kumi. Nakili faili moja ambayo ukiipoteza utalia. Mradi, picha za marehemu shosho, kazi ya mteja, wewe ndiye unayeijua. Iweke mahali pawili. Mengine yafanye kesho.